Abu Zayd wa Saruj Hakurudi Wasit



Wapenzi wasomaji, kuna aina ya mtu vitabuni ambaye mwandishi huonekana kumuumba kwa mapenzi kuliko anavyowaumba watu wema. Ni mwongo, ni mlaghai, na mali ya watu hupita mkononi mwake kama maji. Lakini ulimi wake ni mtamu, akili yake nyepesi, na kila anapoingia katika ukurasa msomaji hujiweka sawa kwenye kiti, akingoja kuona atafanya nini. Mcha Mungu wa kitabu hichohicho twamheshimu, kisha twasahau jina lake. Huyu mwingine, ambaye wazee wetu wakimwita ayari, twamkumbuka miaka na miaka. Nimeulizwa na mama zetu zaidi ya mara moja kama ni vibaya kumpenda mtu wa namna hiyo. Kwa kuwa suala hilo limetushughulisha kwa majuma kadhaa hapa ninapoishi, nimeona niwaandikie ninyi mlioko pwani yale tuliyoyazungumza, na lile lililotuzukia katikati ya mazungumzo.

Wengi wenu mwajua kwamba makazi yangu kwa sasa ni Kimbo, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Thika, ukishaupita mji wa Ruiru na kabla hujafika Juja. Ni mahali pa nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa, na kelele za matatu hazinyamazi hadi usiku. Watu wa pwani tuliopo si wengi. Wako waliofuata kazi, wako waliofuata waume, na wako ambao watoto wao wanasoma Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja. Tumechanganyika na ndugu zetu Wasomali, na dada wawili watatu wenyeji wa hukuhuku waliosilimu. Kila Jumamosi baada ya Isha hukutana katika sebule ya mmoja wetu, wanaume upande huu na wanawake upande ule, kahawa na tende katikati, na kitabu kimoja kikasomwa kwa sauti. Akina mama ndio wengi, na ndio wasemaji.

Tulianza na Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1972. Waliokwisha kuisoma wanamkumbuka Idi, kijana wa sura na wa maneno, aliye chini ya tajiri mzee Mwinyi, na anayemteka msichana maskini, Bahati. Kila mmoja katika hao watatu ana kiu yake: Mwinyi kiu ya mwili, Idi kiu ya mali, Bahati kiu ya kupendwa. Zaidi ya hapo sitasimulia, nisije nikamwondolea utamu asiyeisoma. Tulipofika mahali Idi anapoanza kuzungumza maneno yake laini, binti mmoja mwanafunzi wa chuo akasema bila ya haya, "Sheikh, mimi Idi angenipata. Najijua." Mama yake akaleta istighfari kwa sauti, na sebule nzima ikacheka. Lakini mwalimu mmoja wa sekondari, aliyewahi kuwafundisha watoto wa kidato cha nne riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, akatia neno. Maksuudi wa Utengano, akasema, naye ni mlaghai, mwanasiasa mwenye heshima barabarani na mtesaji nyumbani, lakini mwandishi hakumpa hata chembe ya kutufurahisha; tunamchukia tangu mwanzo na tunapumzika. Idi, akasema, ni hatari zaidi, kwa sababu anampendeza Bahati. "Ila afadhali," akaongeza, "machozi ya Bahati tunayaona."

Neno hilo la machozi kuonekana nililiweka akilini, na mtaona kwa nini.

Ndipo mzee mmoja, fundi cherehani, akaniuliza kutoka upande wetu: "Sheikh wangu, na ninyi watu wa madrasa, katika vitabu vyenu hamna ayari?"

Tunaye, tena wa kwanza mnamjua tangu mapajani mwa bibi zenu. Nani kati yetu hakucheka na Abunuwasi aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake akidai kwamba imezaa, na alipoiazima mara ya pili akaja mikono mitupu kusema imekufa? Jirani aliyekubali uzazi hakuweza kukataa mauti. Nikawaeleza pia kwamba nyuma ya Abunuwasi wa hekaya alikuwapo mtu kweli, Abu Nuwas al-Hasan bin Hani, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, mtu wa mvinyo na mzaha, ambaye katika diwani yake yamo pia mashairi ya toba na kuikataa dunia. Lakini Abunuwasi wa hekaya ni mwepesi mno kwa suala letu. Tamaa ya jirani ndiyo iliyomponza, na msikilizaji huona amepata haki yake. Aliyenifaa ni mwingine, niliyekutana naye ujanani nikisoma Kiarabu: Abu Zayd wa mji wa Saruj, katika Maqamat ya al-Hariri.

Al-Hariri alikuwa mtu wa Basra, aliyezaliwa mwaka 1054 na kufariki 1122 kwa hesabu ya miladi. Kitabu chake kina vikao hamsini. Si riwaya kwa maana ya leo, kwani kila kikao kinajitegemea, lakini watu wawili hawabadiliki: msimulizi, al-Harith bin Hammam, msafiri mwenye kupenda maneno mazuri, na Abu Zayd, mzee fasaha anayezunguka miji ya Waislamu akiishi kwa hila. Kila al-Harith aingiapo mji humkuta mtu anayewaliza au kuwashangaza watu kwa ufasaha wake, watu wanatoa fedha, na mwisho anagundua kwamba ni yuleyule. Karne kwa karne wanafunzi wa Kiarabu wamekihifadhi kwa ajili ya lugha yake. Kiswahili changu hakiwezi kubeba saja zake, na sikujaribu. Nilikuwa nikisoma kipande kwa Kiarabu, kisha nikisimulia maana.

Jumamosi ya kwanza nilisoma kikao cha Sana'a. Al-Harith, maskini na mgeni, anamkuta mtu aliyekonda akiwapa watu mawaidha juu ya mauti na hesabu, hadi wanalia. Wanamjazia fedha. Mtu yule anaondoka kwa siri, al-Harith anamfuata hadi pangoni, na humo anamkuta ameketi na mwanafunzi wake mbele ya mkate mweupe, mwana-mbuzi wa kuchoma, na mtungi wa nabidhi. Sebule ikacheka hadi watoto waliolala wakaamka. Nikaendelea na cha Kufa, ambako usiku mmoja anawasimulia wenyeji wake kisa cha mwanawe aliyepotezana naye, mtoto wa mkewe Barra, na jinsi alivyomwona asiweze kujitambulisha kwa sababu ya ufukara. Wenyeji wanachanga fedha nyingi. Asubuhi al-Harith anaomba apelekwe akamwone kijana huyo, na Abu Zayd anacheka mpaka macho yanamtoka machozi: hakuna Barra wala hakuna mtoto. Kisha kile cha Barqa'id, siku ya Idi, ambapo anajifanya kipofu anayeongozwa na bibi kizee; al-Harith anamkaribisha kwake, mzee anafumbua macho mawili mazima yanayong'aa, anamtuma mwenyeji wake akamletee vitu vya kunawia na kuchokolea meno, na mwenyeji anaporudi hakuna mzee wala kizee.

Binti wa chuo akatafuta kwenye simu yake, akapata picha za nuskha mashuhuri ya kitabu hicho, iliyoandikwa na kuchorwa na Yahya bin Mahmud al-Wasiti mwaka 1237, ambayo leo imehifadhiwa Paris. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mama mmoja akasema Abu Zayd wa kwenye picha anafanana na mjomba wake wa Lamu, Mungu amrehemu, na sote tukajua alivyokuwa mjomba huyo.

Basi hapo ndipo suala la awali likaja kwa nguvu. Tunacheka, lakini tunacheka nini? Mtu ametumia mawaidha ya mauti kujipatia kinywaji. Dada mmoja akasema yeye anaona dhambi. Nikamwambia kwamba si wa kwanza. Al-Hariri mwenyewe, katika utangulizi wake, alijitetea kwa kusema kwamba hekaya zake ni kama zile za wanyama wanaosema, zimetungwa kwa faida, na amali huhesabiwa kwa nia. Ibn al-Khashshab wa Baghdad hakuridhika na hoja hiyo. Simba akizungumza kitabuni, kila mtu ajua ni mfano. Lakini mtu kama Abu Zayd aweza kuwapo, na kumzulia habari ni uongo mtupu. Ibn Barri akasimama kumtetea al-Hariri. Wanazuoni hao wote wawili ni wa karne ya kumi na mbili, na mimi nikiulizwa niko na Ibn Barri. Kucheka na mtu wa kitabuni hakumdhulumu mtu. Lakini naona Ibn al-Khashshab aligusa kitu: Abu Zayd anatupata kwa sababu aweza kuwapo.

Nikawakumbusha pia hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo katika Bukhari. Alipewa na Mtume (s.a.w.) kazi ya kulinda Zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu anachota chakula. Akamkamata, mtu akalia shida na watoto, Abu Hurayra akamhurumia akamwachia. Asubuhi Mtume akamwambia kwamba amedanganywa na kwamba mtu huyo atarudi. Akarudi usiku wa pili, akalia tena, akaachiwa tena. Usiku wa tatu, alipoona hapati njia, akamfundisha Abu Hurayra asome Ayatul Kursi anapokwenda kulala, atalindwa hadi asubuhi. Na Mtume akasema kwamba katika hilo amemwambia kweli, ingawa ni mwongo mkubwa. Naye alikuwa ni shetani. Mama zetu wote wanaisoma aya hiyo wakilaza watoto, lakini wachache walikuwa wakikumbuka ilivyofika katika kisa hiki. Kwa hiyo mawaidha ya Sana'a ni mawaidha ya kweli, na aliyelia kwa kuyasikia hakupoteza machozi yake. Fedha ndizo alizopoteza.

Jumamosi iliyofuata nilisoma kikao cha ishirini na tisa, cha Wasit. Nilikichagua kwa sababu ya ufundi wake, kwani ndani yake imo hotuba ya ndoa iliyoandikwa kwa herufi zisizo na nukta peke yake. Mama yeyote aliyemfundisha mtoto Juzuu Amma atajua ni kazi gani hiyo. Al-Harith amefikia katika nyumba ya wageni, na chumba cha jirani yumo Abu Zayd na mwanawe. Abu Zayd anamwahidi kumwoza kwa watu wenye uwezo. Anapika halua kwa mkono wake, anawakusanya wapangaji wote wa nyumba ile wawe mashahidi, anasoma ile hotuba, hamdu na sala na usia wa ndoa, neno baada ya neno bila nukta hata moja. Kisha anawapitishia halua. Ndani ametia dawa. Wageni wanaanguka mahali walipokaa, na Abu Zayd na mwanawe wanapita chumba kwa chumba wakikusanya kila kilicho chepesi na cha thamani. Anamwita al-Harith waende pamoja. Al-Harith anakataa kwa hofu na karaha, na kila mmoja anashika njia yake.

Hakuna aliyecheka. Mzee fundi akasema, "Hii sasa si hila, huu ni wizi." Mwalimu akajibu kwamba mtu ni yuleyule na ulimi ni uleule, kilichobadilika ni kwamba safari hii tumewaona waliolala sakafuni. Nami nikawaambia wasimame hapo. Katika vikao vyote hamsini msimulizi ni al-Harith, naye anampenda Abu Zayd. Hata anapomlaumu, anamlaumu kama mtu anayengoja kukutana naye tena. Waliotoa fedha Sana'a hawakuulizwa. Wenyeji wa Kufa hatujui walisema nini walipojua. Na wale wapangaji wa Wasit, walipoamka na vichwa vizito na mifuko mitupu, kitabu hakina habari nao. Al-Hariri aliwaandikia halua tu. (Mchoraji niliyemtaja, al-Wasiti, kwa nisba yake ni mtu wa mji huohuo. Nimejiuliza alichora kikao hicho kwa moyo gani.)

Hapo akasema mama mmoja ambaye kwa kawaida husikiliza tu. Anaishi hapa Kimbo miaka mingi, na kila alfajiri huuza mahamri na mbaazi kwa wanaokwenda kazini. Alisema maneno machache: "Mimi nimewahi kulala Wasit, Sheikh."

Kisa chake nakiandika kwa ruhusa yake, na jina la mtu huyo silitaji, wala mji alikotoka, kwa sababu uso wa Muislamu una hifadhi yake na hakimu hajahukumu. Miaka michache iliyopita alikuja mtaani kijana mwenye sauti nzuri ya Qur'ani. Alisalisha tarawehe Ramadhani moja katika nyumba ya mtu, na watu walitoka mbali kumsikiliza. Alijua kuzungumza na wazee kwa adabu na na watoto kwa mzaha. Baada ya Ramadhani akaanzisha mchango wa Umra: kila mama atoe kidogo kidogo, yeye atasimamia tikiti na viza. Akina mama saba wakajiunga. Huyu wetu alitoa shilingi 60,000, fedha za mahamri, kwa muda wa miezi kumi na minne. Alipokuwa akipeleka mchango, kijana alikuwa akimsomea dua kwa ajili ya marehemu mumewe, na mama alirudi nyumbani akiwa amepata raha. Siku moja simu haikupatikana. Mpaka leo, anasema, kinachomuuma si fedha tu. Ile dua ilikuwa nzuri, na hajui aifanye nini.

Nilimjibu kwa hadithi ya Abu Hurayra. Dua ilikuwa ya Allah, na Allah hapungukiwi na mdomo uliopitisha. Aibakize dua na adai fedha. Sikuwa na zaidi ya hilo la kumwambia usiku ule, na naona lilimfaa.

Sasa, wasomaji wangu, haya yote yangebaki mazungumzo ya sebuleni, lakini mtu huyo alikuwa amekwisha kuniletea salamu. Kupitia jamaa yake aliniambia kwamba ametubu, kwamba hali yake imebadilika, na kwamba angependa asimame mbele ya watu Ijumaa moja baada ya sala aombe msamaha, nami nimtangulie kwa maneno mawili. Wazee wawili niliowashauri walikuwa tayari. Mja akitubu, walisema, sisi ni nani tumfungie mlango? Mmoja akaongeza kwamba ile sauti imepotea bure, na Ramadhani haiko mbali. Nilikuwa sijawajibu.

Nikaamua kuwasomea wanakikao kikao cha hamsini, cha mwisho. Sikuwaambia kwa nini. Abu Zayd anasimama katika msikiti wa Basra, mbele ya umati, anausifu mji wao, anakiri maovu ya umri wake na kuwaomba wamwombee. Watu wanamwombea. Na ajabu inatokea: alisimama pale, kama anavyomwambia al-Harith baadaye, kisimamo cha mwenye hila, na akaondoka na moyo wa mtu aliyetubu. Miaka inapita, al-Harith anasikia kwa wasafiri kwamba mzee amerudi Saruj na kuwa mtu wa ibada. Anamwendea. Anamkuta mihrabuni, nguo zake za viraka, chakula chake mkate na mafuta, usiku wake sala na kilio. Wanaagana kwa kukumbushana mauti. Ni kurasa nzuri mno, na nilipokuwa nikizisoma sauti yangu mwenyewe ilitetemeka, kama inavyonitetemeka kila mara.

Dada mmoja mwenyeji wa huku, aliyesilimu miaka minne iliyopita na ambaye huuliza maswali ambayo sisi tuliozaliwa ndani ya dini tumeyazoea, akainua mkono. "Sheikh, alirudi Wasit lini?"

Nikamwambia kitabu hakisemi kwamba alirudi.

"Basi mali ya wale watu?"

Hakisemi.

Yakazuka mabishano ambayo sijawahi kuyaona katika kikao chetu. Binti wa chuo akamtetea Abu Zayd kwa nguvu: mzee amekonda, analia usiku kucha, mnataka nini tena? Mwalimu akasema kwamba kulia Saruj ni rahisi kuliko kubisha hodi Wasit. Mzee fundi akasema huenda hakuwa na kitu cha kurudisha. Mkate na mafuta ndiyo mali yake yote. Mama mmoja akamuuliza, je, na miguu hakuwa nayo? Angekwenda akawaambia, "Ni mimi." Nami nikafungua Riyadhus Salihin ya Imam Nawawi, mlango wa toba, ambao wengi wenu mmeusomeshwa. Masharti ya toba kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ni matatu: aiache, ajute, na aazimie kutoirudia. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mwanadamu, kuna la nne: ajitoe katika haki ya mwenyewe. Ikiwa ni mali, airudishe. Asiyeweza leo inabaki deni mpaka aweze, au mpaka mwenyewe amsamehe kwa hiari yake. Wala mwenye haki si imamu, si wazee wa msikiti, si jamaa waliokusanyika Ijumaa. Mwenye haki ni yule aliyelala sakafuni.

Sisemi kwamba toba ya Abu Zayd si kweli. Siri za moyo ni za Allah, na al-Hariri ameiandika toba hiyo kwa namna ambayo siwezi kuitilia shaka ninapoisoma. Lakini ninaona sasa kwamba mwandishi alitupa kikao cha hamsini kutokana na mapenzi yaleyale aliyotupa nayo arubaini na tisa vya kwanza. Alitaka tumwone mzee wake akiwa salama. Na sisi wasomaji, tuliokwisha kufurahishwa naye kwa muda mrefu, tulikuwa tayari kumwachia apite bila ya kulipa. Sikukiona kikao hicho kwa macho hayo hadi nilipoulizwa na mtu mwenye miaka minne katika Uislamu.

Mama wa mahamri hakusema kitu wakati wote huo. Tulipokuwa tukivaa viatu nikamwita kando pamoja na mke wangu, nikamweleza juu ya ile salamu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama watu wataambiwa wamsamehe hapohapo msikitini, wote kwa pamoja, kwa sababu yeye mbele ya watu asingeweza kukataa. Nikamwambia ndiyo, ndivyo ambavyo ingekuwa. Akasema, "Basi huko kusamehe kutakuwa kwake, si kwangu."

Usiku ule nilimwandikia yule jamaa jibu. Nilisema kwamba mlango wa msikiti hauna ufunguo mkononi mwangu, aje asali kama Muislamu yeyote. Lakini sitamtangulia kwa neno wala hatasalisha watu. Kabla ya kusimama mbele ya umma, aandike majina ya akina mama saba na kiasi cha kila mmoja kwa mkono wake, na aanze kulipa kwa anachopata, hata kidogo. Akitaka kuomba msamaha, mimi na mke wangu tutakuwa pamoja naye aende nyumba kwa nyumba, na kila mama atajibu atakavyo. Wazee wangu wawili hawakufurahi. Mmoja aliniambia kwamba nimekuwa mgumu kuliko sharia. Nimemwomba anionyeshe mahali, na bado tunazungumza, kwa heshima.

Majibu yalikawia siku kumi na moja. Ikaja karatasi yenye majina sita. La saba, la mama aliyehamia Garissa, alikuwa amelisahau au amelificha, nimemrudishia alijaze. Na Jumanne iliyopita, nilipopita alfajiri penye meza ya mahamri nikitoka msikitini, mama alinionyesha ujumbe kwenye simu yake: shilingi 3,000 zimeingia.

"Zimebaki hamsini na saba elfu, Sheikh," akasema, akanifungia mahamri manne kwenye karatasi, na akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.